Muulize Shangazi: Kajua kusoma kabla ya chekechea, nimnunulie mtaala gani?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mie mzaliwa wa Tanga, sasa hivi tuko Houston mwaka wa saba huu, nina watoto wawili. Kijana wangu mkubwa ana miaka minne na miezi kumi na anasoma. Sisemi anajua a e i o u, anasoma kweli kweli, chupa ya kechapu, boksi la dawa, vibao vya barabarani, juzi baba yake kakunja kulia kwenye taa nyekundu mtoto kapiga ukelele huko nyuma "Baba imeandikwa usikunje!", na wiki iliyopita kanisomea kwa sauti meseji ya wifi yangu ambayo haikuwa ya kusomwa mbele ya mume. Hatukumfundisha. Bibi yake alikuwa anampigia WhatsApp anamsomesha ba be bi bo bu, mie nikajua wanacheza tu, mara Kiswahili hicho kimefunguka, kugeuka naona na Kiingereza kafungua mwenyewe.

Mie na baba yake tumeamua tumsomeshe nyumbani miaka miwili mitatu ya mwanzo, mie nafanya kazi usiku mchana nipo. Tatizo ni vitabu. Kila anayenitajia mtaala nikiufungua nakuta aya za Biblia mpaka kwenye hesabu. Sina ugomvi na Biblia ya mtu ila sisi Waislamu, dini anaipata chuoni wikendi na kwa baba yake baada ya magharibi, nataka hesabu iwe hesabu na sayansi iwe sayansi basi. Nikaambiwa tafuta mtaala wa sekula, nimetafuta nimezidi kuchanganyikiwa, kila mmoja anasema wake ndio sekula. Halafu nimchukulie gredi gani? Chekechea ataboreka, gredi ya pili atashindwa maana penseli yenyewe anaishika kama mwiko. Bajeti yangu dola 300 kwa mwaka mzima, isizidi hata senti. Nisaidie Shangazi.

Mama Mchovu, Houston

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na kabla ya yote weka namba ya siri kwenye hiyo simu, huyo mtoto kabla hajafika miaka sita atakuwa kashawaachanisha.

Haya, la kwanza weka kadi ya benki chini. Naijua ile hali, saa saba usiku uko kazini kwenye mapumziko, simu mkononi, kurasa ishirini zimefunguliwa, kila mtaala una picha ya mtoto anacheka na kikapu cha majani makavu pembeni, unajiona usiponunua leo mtoto atapotea. Hapotei. Mtoto wako kwa umri huo hadaiwi shule na mtu Texas, lazima ya shule inaanza akiwa katimiza miaka sita ifikapo tarehe 1 Septemba, na hata akitimiza, Texas ni katika majimbo yenye mkono mwepesi kabisa kwa wanaosomesha nyumbani. Kuna kesi ya Leeper iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1994, tangu hapo nyumba inayosomesha inahesabiwa ni shule binafsi, unachotakiwa ni usomeshe kweli sio geresha, uwe na kitu cha kuonekana kiwe kitabu au kompyuta, na yawemo masomo matano, kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuandikishwa shule ya serikali hakuna hata barua ya kuandika. Sayansi haimo kwenye orodha, ila wewe utaisomesha tu maana mtoto anayesoma maboksi ya dawa atakuuliza dawa inajuaje kichwa kiko wapi.

Kwahiyo una mwaka mzima na zaidi wa kujaribu bila presha. Nakwambia hivi kwa sababu mie mwenzio niliingia kwa pupa nikaumia.

Mwaka wangu wa kwanza na binti yangu, naye alikuwa hivo hivo, msomaji wa mapema, nikanunua boksi zima la mkono wa pili, dola 240 taslimu, tumekutana kwenye paking ya duka na mama mmoja mwema sana kaniongezea na rula. Kampuni siitaji. Boksi zito mume wangu akauliza ni friji? Wiki ya kwanza nikawa najiona mwalimu mkuu. Wiki ya tatu nafungua kitabu cha sayansi kinasema dunia ina umri wa miaka elfu kadhaa tu, na binti mjomba wake alikuwa kashampeleka makumbusho kuona mifupa ya dinosaria, kasimama pale na kidole kwenye mstari ananiuliza mama sasa yule alikufa lini? Lakini wala hilo silo lililoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni kitabu cha kusoma. Kilianza na herufi A na picha ya tofaa, B na picha ya mpira, mtoto anayesoma vitabu vizima vya wanyama mimi nimemkalisha anapaka rangi tofaa, kisa nini, nishalipa 240. Wiki sita! Mtoto aliyekuwa analala na kitabu kifuani akawa akiona lile boksi anaingia chini ya meza. Nikaliuza dola 100 na rula juu.

Ndio maana jibu langu kwako kuhusu gredi ni fupi: usinunue gredi, na usinunue boksi. Mtoto wa namna hii ana umri tofauti kwa kila kiungo. Macho yake yana miaka minane, vidole vina miaka minne, hesabu labda mitano na nusu, na akinyimwa biskuti ana miaka miwili. Boksi moja haliwezi kumtosha, lazima sehemu moja limbane na nyingine limpwaye. Nunua somo moja moja.

Sasa hili neno sekula. Linachanganya kwa sababu watu wanalitumia kwa vitu viwili tofauti na hawasemi.

Wapo wanaosema waziwazi wao ni Wakristo na hawajifichi, Abeka, BJU Press, Sonlight, The Good and the Beautiful. Hao wa mwisho ndio watakaokutega maana vitabu vyao vinapendeza kuliko vya wote na masomo ya lugha unayashusha PDF bure, kila mtu atakutumia linki, ila Mungu wa mle ndani ni kwa namna wanavyomfahamu wao. Hawana kosa, wamesema wenyewe, wewe tu sio mlengwa.

Wapo wa katikati, mie nawaita vitabu vya kimya. Hawatii aya lakini pia palipo na jambo la kubishaniwa, umri wa dunia, mageuko ya viumbe, wanapita pembeni kama mtu aliyeona anayemdai. BookShark wengi wanaiweka hapa, imezaliwa kwenye ukoo wa Sonlight kwa ajili ya familia zisizotaka upande wa dini.

Halafu ndio sekula yenyewe, kwa maana ya wanaosomesha nyumbani huko Marekani: sayansi inafundishwa kama wanasayansi wanavyoifundisha, dunia miaka bilioni 4.5, dinosaria walikwisha zamani kabla ya mtu, mageuko yamo, na dini zikitajwa zinatajwa kwenye historia kama watu fulani waliamini hivi na wengine vile. Hapo utawakuta Oak Meadow ambao wapo tangu 1975, Moving Beyond the Page, Build Your Library, Blossom and Root, Torchlight, na Pandia Press kwa sayansi na historia.

Nimekutenganishia makusudi, maana barua yako inasema unataka "sayansi iwe sayansi" na mimi siwezi kujua hapo kwenye mageuko wewe na baba yake mmesimama wapi. Kaeni mzungumze kabla ya kununua, sio baada. Kuna nyumba za Kiislamu nazijua wanachukua sekula kamili na baba anakaa na mtoto anamwambia sisi kuhusu Adamu tunasema hivi, na kuna nyumba wanasema miaka hii midogo bora kitabu cha kimya, akikua tutazungumza. Zote nyumba za watu. Kibaya ni kulipia kitu unachodhani ni kimoja ukakuta kingine.

Kujua ni kipi usitegemee maneno ya tangazo. Kila kampuni ina sampuli, shusha ya sayansi hata kama unachotaka ni hesabu, maana kwenye sayansi ndio rangi inajitokeza. Angalia yaliyomo, tafuta dinosaria, tafuta visukuku, tafuta umri wa dunia. Ukikuta havimo kabisa kwenye kitabu cha mwaka mzima cha sayansi ya ardhi, kimya hicho. Ukikuta "baadhi ya wanasayansi wanaamini", kimya kinachokohoa. Kisha nenda ukurasa wa "sisi ni nani", kama wanaandika tamko la imani litakuwa hapo au kwenye kona fulani chini kabisa.

Haya tuje kwa mtoto mwenyewe, maana kununua kunategemea anasoma vipi.

Kiswahili kimemsaidia kuliko unavyodhani. Kwetu herufi ikishakuwa na sauti yake haibadiliki, ukimjua "ma" umemjua "ma" mpaka kiama, bibi yake akimaliza jedwali la silabi mtoto anasoma hata neno asilolijua maana yake. Kiingereza ni mtihani mwingine, chukua tu though, through, tough na cough, mwisho umeandikwa kimoja na kila neno linatamkwa lake. Kwahiyo watoto wengine wa Kiingereza wanasoma kwa kukariri sura ya neno, wanaenda vizuri mpaka siku moja gari linazima kwenye mlima. Jaribu hivi: mwandikie kwenye karatasi maneno ya uongo, vib, glosh, threck, plood, mwambie haya ni majina ya majini ya kwenye katuni nisomee. Akisoma glosh kama lilivyo, sauti anazijua, achana na vitabu vya foniksi, vile vya kufundisha sauti za herufi, usitoe hata senti. Akikwambia ghost, anabahatisha kwa sura, basi dakika kumi kwa siku za sauti za herufi zinamtosha, sio programu nzima ya mwaka.

La pili, anaelewa? Kuna wataalam wawili, Gough na Tunmer, mwaka 1986 waliliweka kama hesabu ya kuzidisha: kufungua maneno mara kuelewa lugha, ukiwa na sifuri upande mmoja jibu ni sifuri hata upande wa pili ukiwa mia. Wa kwako kwa meseji ya wifi na taa nyekundu naona anaelewa, tena kupita kiasi. Ila Kiingereza chake cha vitabuni kinaweza kuwa nyuma ya macho yake, na hiyo ni kawaida kwa nyumba ya Kiswahili sio kasoro. Akimaliza kurasa mbili funga kitabu mwambie nisimulie, kwa lugha yoyote anayotaka. Akikusimulia sentensi ya mwisho tu, kitabu kizito, shusha. (Mtoto anayesoma kila kitu lakini ukimuuliza swali la kawaida anarudia swali lako badala ya kujibu, huyo mwonyeshe daktari wa watoto bila kuogopa. Nasema kwa wengine wanaosoma hapa, sio wewe.)

Na uwe macho na kitu kimoja: anaweza kusoma kitabu cha mtoto wa miaka tisa, haimaanishi kimeandikwa kwa ajili yake. Riwaya za umri ule mbwa anakufa ukurasa wa 140 na wazazi wanatengana ukurasa wa 60. Mpe vitabu vya mambo ya kweli, papa, volkano, sayari, ramani, treni, huko anaweza kuzama anavyotaka hakuna anayefiwa. Na usimnyang'anye vitabu vya picha ati kakua, kitabu kizuri cha picha kina maneno magumu kuliko vile vijitabu vya "anayeanza kusoma", kwa sababu kimeandikwa kikitegemea mtu mzima ndiye atakayesoma.

Penseli kama mwiko usimgombeze. Chukua chaki au krayoni zivunje vipande vifupi kama nusu ya kidole chako kidogo, kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe. Wacha aandike ukutani bafuni, chini kwenye simenti, kwenye mchanga. Na kwenye masomo mengine usimfungie kwa sababu ya mwandiko, yeye aseme wewe uandike, hesabu ajibu kwa mdomo. Makosa mengi niliyoona ni hapa, mama anamshusha mtoto kusoma mpaka pale mkono wake ulipo.

Sasa dola 300.

Kubwa tumia kwenye hesabu, hapo ndio pana ngazi kwa ngazi na ni tabu kujitungia. Singapore Math inaanza na vitu vya kushika, kisha picha, ndio namba, inawafaa wadogo wengi. Math Mammoth ni rahisi kwa bei, unashusha PDF unachapa mwenyewe, inaeleza vizuri ila kurasa zimejaa hesabu mpaka pembeni, mtoto mdogo akiziona anataka kulia, mkunjie karatasi nusu aone chache. Na kwa msomaji kama wako kuna Beast Academy, hesabu ndani ya katuni za mazimwi, kila daraja vitabu vinane, vinne vya hadithi na vinne vya mazoezi. Atavipenda hadithi zake mpaka atazisoma chooni, lakini mazoezi ni magumu kweli, usianze nayo kabla hajajua makumi na mamoja vizuri, na usiende nayo kwa mbio. Hizi zote tatu hazina aya. Nunua moja tu, nusu mwaka kwanza.

Sayansi kuna kitabu cha Bernard Nebel watu wanakiita BFSU kwa kifupi, juzuu ya kwanza ni ya chekechea hadi gredi ya pili. Sio cha mtoto, ni chako, unakisoma wewe jioni asubuhi mnafanya kwa vitu vya jikoni. Nitakwambia ukweli kinachosha kukisoma, kimeandikwa kama maelezo ya kufunga kabati. Ila kina akili, na kinatumika hata na mdogo wake akifika. Kama huna nguvu baada ya shifti, na sidhani unazo, chukua REAL Science Odyssey ya Pandia Press ya daraja la kwanza, mambo yamepangwa unafungua na kufanya. Bado sio lazima mwaka huu.

Kijitabu kimoja cha mwandiko baadaye kidogo, Handwriting Without Tears ni kizuri. Basi. Kusoma, fasihi, historia, jiografia, yote hayo ni maktaba. Kadi ya Houston Public Library ni bure kwa mkazi, ya Harris County hali kadhalika, chukua zote mbili. Build Your Library orodha zao za vitabu wameziweka wazi kwenye tovuti, angalia ya umri wa karibu na wake, azima vitabu hivyo mwezi mmoja uone kama mnapenda ndio ulipie mpangilio. Mie nilipiga miaka miwili kwa orodha tu sikulipa kitu.

Pia nimesikia mtu atakwambia subiri hela za serikali. Ni kweli Texas walipitisha sheria mwaka 2025 ya akaunti za elimu, anayesomesha nyumbani anaweza kupata mpaka dola 2,000 kwa mwaka kuanzia mwaka wa masomo 2026-27, ila kuna maombi, masharti ya uraia na ukaazi na foleni. Soma masharti vizuri na usiagize kitu kwa hela ambayo haijaingia.

Siku yenyewe usiipange kama kambi ya jeshi. Umetoka shifti, umelala kidogo, saa nne asubuhi hesabu dakika kumi na tano, mwandiko wa chaki dakika tano, kitabu kwenye kochi mpaka mmoja wenu asinzie, na kwa hali yako mwanangu naona ni wewe utakayeanza. Saa moja jumla inatosha umri huu. Na bibi Tanga asiachishwe kazi hata kidogo! Kwenye African Storybook kuna hadithi nyingi za Kiswahili bure, fupi fupi zimepangwa kwa madaraja, mtumie bibi moja, mtoto awe nayo kwake, asomeane naye kwenye WhatsApp ukurasa kwa ukurasa. Bibi akisahau miwani ndio vizuri zaidi, mtoto atalazimika kumsomea.

Niandikie baada ya miezi mitatu uniambie alisomaje glosh.

SWALI

Bwana asifiwe Shangazi. Toleo lililopita ulimwambia dada mmoja hapa Nashville atafute vitabu visivyo na dini vya mtoto wake, mimi kama mzazi nimehuzunika. Mtoto ukimtolea neno la Mungu kwenye masomo unabakiza nini? Naona mnaiga Wazungu wasioamini.

Baba Wanne, Nashville

SHANGAZI ANAJIBU

Amina baba, na nimekusikia. Ila nikuulize, wewe kanisa lako ni lipi? Maana jirani yangu Mkatoliki alinunua vitabu vya Kikristo vizuri tu, kafika kwenye historia akakuta Papa na watawa wameelezwa kwa namna iliyomfanya akifunge kitabu akakiweka juu ya kabati mpaka leo. Vilikuwa vya Kikristo kweli, ila vya Wakristo wengine. Huyu sasa ananunua hesabu na sayansi za sekula, katekisimu anafundisha mwenyewe kwa kitabu cha parokia. Wengi wanaonunua sekula ninaowajua mimi wanasali, wanachokataa ni mtu wa Florida wasiyemjua kuwafundishia watoto wao dini. Kama vitabu vyenye Biblia vinaendana na nyumba yako tumia kwa raha zako, tena wewe umepata bahati, chaguo ni nyingi kuliko za huyo dada.

SWALI

Shangazi habari. Sisi tuko Minnesota, binti ana miaka sita kasoro, anasoma vizuri, tunafikiria kumsomesha nyumbani kwa vitabu vya sekula. Rafiki yangu wa Texas ananiambia hakuna kuripoti popote. Ni kweli?

Mama wa St. Cloud

SHANGAZI ANAJIBU

Kwake kweli, kwako sio. Kila jimbo na sheria yake na watu wanashauriana kwenye simu kama vile Marekani ni kijiji kimoja. Minnesota lazima inaanza miaka saba, kwahiyo bado una nafasi, lakini akishatimiza saba unapeleka taarifa kwa msimamizi wa wilaya ya shule kufikia tarehe 1 Oktoba, na tangu hapo kila mwaka mtoto anafanya mtihani mmoja wa kupima wa kitaifa. Huhitaji cheti cha ualimu, mzazi anaruhusiwa kama mzazi. Masomo ya lazima kwenu ni mengi kuliko Texas, sayansi na historia zimo, hivyo ukinunua hesabu yenye nguvu na ukaazima mengine kama nilivyomwambia mwenzio hapo juu, weka daftari uandike tarehe na mliyosoma. Sio kwa kuogopa, ni kwa sababu Machi ikifika utakuwa umesahau Oktoba mlifanya nini.

SWALI

Shikamoo Shangazi, mie niko Hamburg, mwanangu anakaribia miaka mitano na anasoma Kiswahili na Kijerumani kidogo. Nikisoma habari za akina mama wa Marekani natamani nimsomeshe nyumbani na mimi. Nianzie wapi?

Mama Kijana, Hamburg

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba binti yangu. Usianze. Ujerumani mtoto kwenda shuleni ni lazima na nyumbani hakuhesabiki, kuna familia iliyofika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na mwaka 2006 malalamiko yao yakakataliwa, na huko wanatoza faini, hawatanii. Ukiwa mgeni ndio usijaribu kabisa.

Ila saa nane mchana mtoto ni wako. Shuleni watamrudisha kwenye A na tofaa, najua, nawe utaumia roho, mwache, huko anajifunza mengine, kusubiri zamu, kufunga viatu, Kijerumani cha watoto wenzake. Ongea tu na mwalimu mapema, mwambie anasoma tayari, muombe akimaliza kazi aruhusiwe kuchukua kitabu. Nyumbani usimwongezee karatasi za mazoezi, ametoka nazo huko. Mpe hadithi za Kiswahili na bibi wa kwenye simu kama yule wa Tanga, na Jumamosi mwende Bücherhallen, maktaba za mji hapo Hamburg, mchukulie kadi yake mwenyewe yenye jina lake, aichanje kwa mkono wake pale kwenye mashine, achague mwenyewe, hata akichagua kitabu cha matrekta kile kile kwa mara ya sita.